Askari Polisi Mbele ya Mzee Aliyepoteza Kumbukumbu: Mafunzo Yanayotolewa na Sababu Zake

Majeshi ya polisi katika nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Japani, Marekani na Australia, yamekuwa yakishughulika na suala ambalo zamani halikuwamo katika mitaala ya vyuo vya polisi: namna ya kumtambua mtu mwenye demensia na kumhudumia bila kumdhuru. Demensia ni jina la jumla la maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu, fikra, lugha na uwezo wa mtu kuyamudu maisha yake ya kila siku. Watu wengi huyaita kwa ufupi ugonjwa wa kusahau, ingawa kusahau ni sehemu moja tu ya maradhi hayo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na kwamba kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa hao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikuu, ukichangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Demensia haina tiba ya kuiondoa, na mgonjwa huishi nayo kwa miaka, mara nyingi akiwa nyumbani kwake, akitoka na kuingia kama watu wengine. Ndiyo maana si ajabu mtu wa kwanza wa serikali kukutana naye akiwa katika shida awe askari wa doria, wala si daktari.

Matukio mawili yaliyobadili mjadala

Alfajiri ya tarehe 17 Mei 2023, katika mji mdogo wa Cooma, jimbo la New South Wales nchini Australia, wahudumu wa makao ya wazee walipiga simu ya dharura kuomba msaada. Bibi mwenye umri wa miaka 95, aliyekuwa na dalili za demensia, alikuwa akizunguka ndani ya jengo akiwa ameshika kisu cha mezani chenye meno na hasikii maelekezo. Alikuwa na uzito usiofika kilo 50 na alitembea kwa kujishikiza kwenye kifaa chake chenye magurudumu. Askari wawili walifika pamoja na wahudumu wa gari la wagonjwa. Walimkuta katika chumba kimoja, wakamwamuru aweke kisu chini. Hakukiweka. Baada ya dakika chache tu mmoja wao alimfyatulia silaha ya umeme. Bibi huyo alianguka, akagonga kichwa sakafuni, na akafariki dunia wiki moja baadaye kwa jeraha la ubongo.

Mwezi Novemba 2024 baraza la wazee wa mahakama lilimtia askari huyo hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Mwezi Machi 2025 alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka miwili pamoja na saa 425 za kuitumikia jamii. Wapo walioiona adhabu hiyo kuwa nyepesi mno, na upande wa mashtaka ulikata rufaa bila kufanikiwa. Kwa anayefuatilia suala la mafunzo, hata hivyo, swali lenye uzito zaidi liko kabla ya hukumu. Katika chumba kile hapakuwa na mtu wa kukimbizwa, wala mlango wa kuzuiliwa, wala sababu ya haraka. Kilichohitajika ni muda, sauti ya upole na pengine kiti. Askari alitoa amri kama afundishwavyo kumwamuru mtu mwenye silaha, na akasubiri utii kutoka kwa mtu ambaye ubongo wake haukuwa tena na uwezo wa kuipokea amri, kuielewa na kuitekeleza kwa mfuatano.

Tukio la pili lilitokea Marekani, katika mji wa Loveland, jimbo la Colorado, mwezi Juni 2020. Mwanamke wa miaka 73 mwenye demensia alitoka dukani na bidhaa zenye thamani ya dola zipatazo 14 bila kuzilipia. Wafanyakazi wa duka walimzuia mlangoni na bidhaa zikarudishwa. Polisi walimkuta akitembea kando ya barabara kuelekea nyumbani, akichuma maua ya porini njiani. Aliangushwa chini na kufungwa pingu. Mkono wake ulivunjika na bega kuteguka, kisha akakaa mahabusu kwa saa kadhaa bila matibabu. Picha za video zilizotolewa hadharani baadaye ziliwaonesha askari kituoni wakiitazama rekodi ya ukamataji huo na kucheka. Mwaka 2021 mji huo ulikubali kuilipa familia dola milioni 3, na mwaka 2022 askari aliyemkamata alihukumiwa kifungo cha miaka mitano.

Katika matukio yote mawili wahusika wa usalama hawakukosa nguvu wala vifaa. Walikosa kuitambua hali iliyokuwa mbele yao.

Kwa nini demensia hufanana na kosa

Mtu mwenye demensia huweza kutenda jambo ambalo katika kitabu cha sheria lina jina lake. Anaondoka dukani bila kulipa kwa sababu amesahau kuwa hajalipa, au amesahau kwamba yupo dukani. Anaingia nyumba ya jirani kwa sababu anaiona kuwa yake ya zamani. Anaendesha gari upande usio wake. Anavua nguo hadharani kwa kuwa anasikia joto na ile breki ya aibu, ambayo wengine tunaibeba bila kujua, imekatika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitabibu la JAMA Neurology ulipitia kumbukumbu za wagonjwa 2,397 waliohudumiwa katika kituo cha Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Asilimia 8.5 kati yao walikuwa na historia ya tabia iliyohesabika kuwa kosa, iliyojitokeza wakati wa ugonjwa. Kwa wagonjwa wa Alzheimer kiwango kilikuwa asilimia 7.7. Lakini kwa wenye aina ya demensia inayoharibu sehemu za mbele za ubongo, zinazotawala tabia na hukumu ya mtu, kiwango kilipanda hadi asilimia 37.4. Aina hii huanza mapema kuliko nyingine, aghalabu kabla ya miaka 65, na mgonjwa anaweza kuwa na kumbukumbu nzuri kabisa. Askari anayesubiri kumwona mzee mwenye mvi na mkongojo ili akumbuke neno demensia atampita mgonjwa wa namna hii bila kumjua.

Ipo pia aina ya demensia inayoambatana na kuona vitu visivyokuwepo. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kupiga simu polisi usiku baada ya usiku akieleza kuwa kuna watu wamesimama chumbani mwake. Mwingine huficha fedha zake, husahau alikozificha, kisha hufika kituoni kumshtaki binti wa kazi au mkwe kwa wizi. Taarifa ya namna hii inadai busara ya pekee, kwa maana kosa linaweza kuwapo kweli: watu wenye demensia huibiwa, husainishwa hati za kuuza mashamba wasizozielewa, na hudhulumiwa na walio karibu nao. Askari hatakiwi kuiamini taarifa yote wala kuitupa kapuni kwa sababu tu mtoa taarifa anajirudia.

Dalili zinazofundishwa ni zile ambazo askari anaweza kuziona barabarani: mavazi yasiyolingana na hali ya hewa, kama vile koti zito katika jua kali au kutokuwa na viatu, kurudia swali lilelile, kujibu kwa ujumla ili kuficha kwamba jibu halijulikani, kutojua siku, mahali au saa, kumtaja kama aliye hai mzazi aliyefariki miaka mingi iliyopita. Kuyumba na kukokota maneno huweza kumfanya aonekane amelewa. Hapa wakufunzi husisitiza tahadhari moja: mchafuko wa akili uliotokea ghafla, ndani ya saa au siku chache, huenda si demensia kabisa. Unaweza kusababishwa na maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kiharusi, jeraha la kichwa au malaria kali, na mtu huyo anahitaji hospitali mara moja. Askari si daktari na hatarajiwi kutoa jina la ugonjwa. Kazi yake ni kutambua kwamba aliye mbele yake huenda ni mgonjwa, na kubadili mwenendo wake kabla ya kuthibitishiwa.

Namna ya kumkaribia

Sehemu hii ndiyo kiini cha mafunzo, na inakwenda kinyume na mengi ambayo askari amejifunza chuoni. Huko alifundishwa kuitawala hali haraka, kwa sauti ya juu na amri fupi. Mbele ya mwenye demensia, haraka ndiyo inayozaa hatari.

Ving'ora na taa za gari huzimwa mapema. Askari humkaribia mtu huyo kutoka mbele, mahali anapoonekana, kwa sababu uwezo wa kuona pembeni hupungua na kuguswa kutoka nyuma huleta taharuki. Anajitambulisha kwa jina na kueleza kuwa amekuja kusaidia, hata kama sare yake inaonekana wazi. Sare huwatuliza wengine na kuwatisha wengine. Anazungumza askari mmoja tu, wenzake wakikaa nyuma kidogo. Maswali huulizwa moja moja, yanayojibika kwa ndiyo au hapana, na baada ya kila swali askari hunyamaza na kusubiri. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda wengi. Sekunde 10 au 20 za kimya zinaweza kuonekana kama ukaidi, ilhali mgonjwa bado anayatafuta maneno. Swali lisipoeleweka hurudiwa kwa maneno yaleyale, kwa kuwa maneno mapya humwanzishia kazi upya.

Ubishi hauna faida. Bibi anayesisitiza kuwa anakwenda kumpikia mume wake aliyefariki zamani hatanufaika kwa kuambiwa, tena na mgeni, kwamba mume huyo amekufa. Atapata msiba mpya papo hapo. Ni afadhali kumwuliza mumewe anaitwa nani na anapenda chakula gani, kisha kumwongoza polepole kuelekea mahali penye kivuli na kiti. Majibu yake yanaweza pia kuwa ya msaada, kwa kuwa jina la mume au la kijiji hufungua njia ya kuwapata ndugu. Swali la unaishi wapi, kwa upande mwingine, huhitaji uangalifu, kwani wengi hutaja kwa uhakika kabisa nyumba waliyozaliwa.

Kumshika kwa nguvu na kumfunga pingu huachwa kuwa hatua ya mwisho kabisa. Mifupa ya wazee ni dhaifu na ngozi yao huchanika upesi, na mgonjwa asiyeelewa kwa nini anashikwa atajitetea kama ambavyo yeyote angejitetea akivamiwa. Ikiwa ameshika kitu chenye makali, umbali na muda ndiyo ngao ya kwanza: watu wengine huondolewa chumbani, askari husogea nyuma, na mtu anayemfahamu mgonjwa huitwa. Mara nyingi mkono huchoka wenyewe.

Nchini Marekani, Chama cha Kimataifa cha Wakuu wa Polisi kilianza mwaka 2009 kuendesha mafunzo maalumu kuhusu Alzheimer na maradhi yanayofanana nayo. Kwa miaka mingi pia kumekuwa na utaratibu wa bangili za utambulisho zenye namba ya simu, hivyo kuangalia kifundo cha mkono kwa upole, baada ya kuomba ruhusa, ni miongoni mwa mambo ya awali ambayo askari hukumbushwa.

Anapopotea

Chama cha Alzheimer cha Marekani kinaeleza kuwa watu sita kati ya 10 wenye demensia hutangatanga na kupotea angalau mara moja. Kwa polisi, hapa ndipo kazi ilipo nyingi.

Robert Koester, mtafiti wa Marekani aliyechapisha mwaka 2008 kitabu kuhusu mienendo ya watu waliopotea, alionesha kuwa mwenye demensia hapotei kama mpanda milima au mtoto. Hutembea mbele bila kugeuka mpaka akwame kwenye kichaka, mfereji au uzio. Haiti msaada. Akiitwa jina lake haitikii, hata kama watafutaji wako hatua chache tu kutoka alipo. Mara nyingi hupatikana karibu na mahali alipoonekana mara ya mwisho, si mbali na barabara. Kwa hiyo askari waliofunzwa huanza na yaliyo karibu: nyumba yenyewe, stoo, choo cha nje, gari lililoegeshwa, vichaka vya jirani. Hupekua kwa macho na mikono badala ya kupita wakiita. Na utafutaji huanza mara moja, kwa sababu kila saa inayopita huongeza uwezekano wa kukuta mtu aliyeumia, aliyeishiwa maji mwilini au aliyegongwa na gari.

Nchini Uingereza, polisi wa Norfolk walibuni utaratibu unaoitwa Herbert Protocol, kwa kumbukumbu ya George Herbert, askari mstaafu aliyeshiriki kutua Normandy katika Vita vya Pili vya Dunia na ambaye baadaye aliishi na demensia. Utaratibu wenyewe ni fomu tu. Familia huijaza mapema, mgonjwa akiwa bado yupo nyumbani salama: picha ya karibuni, dawa anazotumia, simu aliyonayo, makazi yake ya zamani, kazi alizowahi kufanya, kanisa au soko alilozoea, mahali alipopatikana ikiwa aliwahi kupotea. Siku akitoweka, fomu hukabidhiwa askari wa kwanza kufika. Utaratibu huo umeenea katika vikosi vingi vya nchi hiyo, na Polisi ya Scotland iliuanzisha kwa eneo lake zima mwezi Septemba 2021. Thamani yake ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kuisikiliza familia yenye hofu ikijaribu kukumbuka rangi ya shati saa nane ya usiku.

Japani imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 polisi wa nchi hiyo walipokea taarifa za watu 9,607 waliopotea wakiwa na demensia au wakishukiwa kuwa nayo. Mwaka 2023 idadi ilifika 19,039. Walio wengi hupatikana upesi, lakini si wote hupatikana wakiwa hai. Katika mji wa Omuta, uliokuwa kitovu cha machimbo ya makaa ya mawe, tangu mwaka 2004 hufanyika zoezi ambalo mtu hujifanya mgonjwa aliyepotea na kutembea mitaani, huku polisi, wenye maduka, wanafunzi na wakazi wakipewa taarifa zake na kujizoeza kumsemesha. Mpango mwingine wa kitaifa ulioanza mwaka 2005 umewafunza zaidi ya watu milioni 10, wakiwemo askari na wafanyakazi wa benki, kwa somo lisilozidi saa mbili.

Sheria nayo ilipaswa kufuata. Mwaka 2007 mzee wa miaka 91 mwenye demensia aliingia relini katika mji wa Obu na kugongwa na treni, na kampuni ya reli ikaidai familia fidia ya hasara. Kesi ilidumu hadi Machi 2016, Mahakama ya Juu ilipoamua kuwa mke na mtoto wa marehemu hawawajibiki kulipa. Uamuzi kinyume na huo ungezifanya familia nyingi kuwafungia wazee wao ndani.

Afrika Mashariki

Demensia haiko ng'ambo peke yake. Utafiti uliofanyika katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya wakazi wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Wengi wa wagonjwa vijijini hawajawahi kupimwa, na familia huichukulia hali hiyo kuwa uzee wa kawaida.

Kuna mahali ambapo kutoitambua huko hugharimu uhai. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, na katika Kilifi na Kisii nchini Kenya, mauaji ya wazee wanaotuhumiwa uchawi yamekuwa yakiripotiwa kwa miaka mingi. Bibi anayekutwa usiku wa manane katika ua wa jirani, hana nguo, hajui alifikaje, akizungumza na asiyeonekana, hutimiza kila sifa ambayo hadithi za vijijini humpa mtu anayewanga. Daktari angezitambua dalili hizohizo kuwa za ugonjwa. Askari kata anayefika kabla umati haujawa mkubwa, akamfunika bibi huyo kwa kanga, akamwondoa hapo na kuwaeleza waliokusanyika kwamba huyu ni mgonjwa, anazuia mauaji. Kumweka mahabusu kwa usalama wake, jambo linaloweza kuonekana la huruma, kunaweza kuzidisha tuhuma na kumchanganya zaidi. Kituo cha afya au nyumba ya ndugu aliye mbali kidogo hufaa kuliko selo.

Mafunzo yenyewe yana mipaka. Somo la asubuhi moja husahaulika lisiporudiwa, na askari aliyejifunza vizuri bado atakwama ikiwa hakuna hospitali ya kumpokea mgonjwa usiku au afisa ustawi wa jamii wa kumkabidhi. Vilevile opereta anayepokea simu ya dharura asipouliza swali la kumbukumbu, askari hufika eneo la tukio akidhani anakwenda kukabiliana na jambazi mwenye kisu.

Kwa familia inayomtunza mzee mwenye dalili hizi, maandalizi yanayowezekana bila kusubiri utaratibu wowote mpya ni yale ya fomu ya Norfolk: picha ya karibuni, karatasi yenye majina ya dawa, orodha ya mahali alipowahi kuishi na kufanya kazi, na namba za simu za ndugu wawili, vikiwekwa mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua. Mwenyekiti wa mtaa na majirani wa karibu wajulishwe mapema. Mzee akitoweka, Jeshi la Polisi Tanzania hupokea taarifa za dharura kwa namba 112, na jambo la kwanza kutajwa, kabla ya urefu na mavazi, ni kwamba aliyepotea ana ugonjwa wa kusahau na huenda asiitikie akiitwa.